Gunia la Mchele wa Rangi Mbili

Antsirabe, 6 Mei 1996

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imewahi mwaka huu. Asubuhi watoto wa darasa langu la tano hawashiki kalamu mpaka wapulizie vidole.

Nina habari. Mwalimu mkuu amenikabidhi mchango wa mwaka huu, ule wa kuzisaidia familia za mtaa wetu kabla ya Sikukuu ya Uhuru. Tutafanya matembezi ya hisani mpaka ziwani, na kila mtoto ataomba ahadi kwa jamaa zake kwa kila kilomita atakayotembea. Halafu walimu wanawake tutacheza mpira na walimu wanaume. Usicheke, mimi ndiye golikipa. Akina mama watauza vitumbua na kahawa. Kitakachopatikana tutanunulia mchele, mafuta, sabuni na sukari kwa familia kumi na tisa.

Mwaka jana mambo yalikwenda kombo na mpaka leo sijui kwa nini. Tuliwaita wote uwanjani, tukawapanga mstari, mwalimu mkuu akasoma majina kwa kipaza sauti, watoto wakaimba. Mimi niliona sherehe nzuri. Lakini kuna mama mmoja, Mama Zoly, dobi, ambaye binti yake namfundisha mimi. Alisimama getini, akasikia jina lake likisomwa mara tatu, akageuka akaenda zake. Kapu lake lilibaki mezani mpaka jioni. Ana watoto wanne, Baba! Mtu mwenye njaa anakiachaje chakula alichoitiwa? Nimeuliza kila mtu. Wengi wanasema ni kiburi. Wewe unasemaje?

La pili ni ombi. Kwenye kikao cha walimu kila mmoja alikuwa anajitapa kitakachotoka kwao, huyu viazi, yule maharage. Nikashtukia nimesimama: "Baba yangu ataleta gunia la mchele mwekundu wa Ambohitsoa!" Wakanipigia makofi. Najua mmeshavuna. Mpe Solofo dereva, hupita hapo njia panda kila Alhamisi.

Mwanao,
Voahirana


Ambohitsoa, 11 Mei 1996

Binti yangu Voahirana,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako tu. Mavuno ya mwaka huu yamekuwa ya namna yake. Mchele utakuja.

Golikipa! Mama yako angekuwepo angefunga safari kuja kukutazama, kisha angekukataza.

Umeniuliza habari za huyo dobi. Walimu wenzako wanasema kiburi. Mimi nakuuliza: huyo mtoto wake alikuwa wapi wakati jina linasomwa? Kama alikuwa kwenye ule mstari wa waimbaji, basi mama hakuwa anakimbia chakula. Alikuwa anamkimbia mtoto asimwone.

Msiwaite. Waendeeni. Na msiende nane nane na bendera, nendeni wawili. Msitumie makapu yenye jina la shule. Siku ya gulio kila mtu mjini anatembea na mzigo begani, hakuna anayejua nani kanunua na nani kapewa. Pelekeni siku hiyo.

Tena, mnatia chumvi? Watoaji wote hukumbuka sukari. Sukari ni zawadi. Chumvi ndiyo chakula. Mtu akipewa mchele na mafuta halafu hana chumvi, inambidi aende kuomba kwa jirani, na hapo ndipo jirani anajua yote.

Goti langu la kushoto linakusalimu.

Baba yako,
Ratsimba


Antsirabe, 18 Mei 1996

Baba mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mbele ya walimu wote. Nilipofika kwenye chumvi, tukazifungua orodha za miaka yote. Miaka sita ya kuchanga, Baba, na hakuna aliyewahi kutia hata pakiti moja! Mwalimu wa hesabu akasema, "Huyu baba yako alikuwa ofisa wa misaada?" Nikamwambia ni mkulima wa mpunga na fundi wa kuunga vitu vilivyovunjika.

Sikuridhika, unanijua. Jumanne nilimfuata Mama Zoly mtoni anakofulia. Nilisaidia kukamua mashuka kwanza, tusitazamane. Kisha nikamwuliza. Akanijibu bila hasira: "Mwalimu, mwaka jana mlinipa chakula na aibu kwenye kapu moja. Nilijaribu kuvitenganisha nikashindwa, nikaviacha vyote." Na Zoly kweli alikuwa kwenye mstari wa mbele wa waimbaji.

Basi mwaka huu tunafanya kama ulivyosema. Tutagawa Jumamosi ya gulio, tarehe kumi na tano Juni, wawili wawili, katika viroba vya kawaida.

Lakini sasa ni wewe unayenishangaza. Umeyajuaje haya? Maisha yangu yote nimekuona ukitoa tu. Jirani akipungukiwa, Mama alikuwa ananituma na kibaba cha mchele hata kabla jirani hajasema. Nani amekufundisha upande wa pili? Na "sisi huku hatujambo" ni wewe na nani? Wewe na bata?

Gunia bado nalisubiri.

Mwanao,
Voahirana


Ambohitsoa, 28 Mei 1996

Binti yangu,

Marahaba. Mimi na bata, ndiyo. Bata ana maoni kuhusu kila kitu.

Gunia nitamkabidhi Solofo Alhamisi hii, atakupa siku hiyo hiyo. Si kubwa kama ulivyowatangazia wenzako. Waambie mzee amezeeka, na gunia nalo hupungua. Usilipekue sana. Mchele ni mchele.

Unauliza nimejuaje. Mtu akikaa sana duniani anaona mengi. Isitoshe, siku hizi nashinda pale shuleni kwetu kuunga madawati, nipate kupitisha siku. Mtu anayegonga misumari husahaulika, watu huzungumza mbele yake kama mbele ya ukuta.

Hicho kisa cha mashuka kimenifurahisha. Ukitaka kweli ya mtu, shika upande mmoja wa kazi yake.

Baba yako,
Ratsimba


Antsirabe, 31 Mei 1996

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, mwandiko ni mbaya, naandika harakaharaka mapumziko yasije yakaisha.

Gunia limefika jana. Nililifungua mbele ya wenzangu kwa mbwembwe zote. Juu, mchele mwekundu, ule ule, harufu yake nikaijua. Nikaingiza bakuli kuwaonyesha. Bakuli likatoka jeupe. Baba, mchele mwekundu ulikuwa kama makopo mawili tu ya maziwa, umetandazwa juu kama blanketi. Chini yote ni mchele mweupe wa dukani, tena wa chenga. Mwalimu wa hesabu akakohoa.

Hayo si yote. Katikati ya mchele kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nakunakilia kama ilivyo:

"Mimi ni Fara, darasa la nne. Mchele huu nimeuchambua mimi. Ukikuta jiwe ni la Tojo, maana yeye huchambua huku anaongea. Kuleni vizuri."

Kwanza nilidhani ni mtoto wa hapa kwetu. Nimepita madarasa yote. Fara tunaye mmoja, ana miaka mitano, hajui kuandika. Fara huyu ni nani, Baba? Kwa nini anamwandikia mtu asiyemjua jina? Na mchele wako uko wapi?

Mimi nina dhana, na sipendi kuitaja, lakini nitaitaja. Gunia lilikuwa mikononi mwa Solofo tangu asubuhi hadi jioni. Nilimwuliza. Akatazama viatu vyake, akasema, "Mwalimu, nimelileta kama nilivyopewa." Mtu asiye na hatia hutazama viatu?

Nijibu upesi.

Voahirana


Ambohitsoa, 5 Juni 1996

Binti yangu,

Marahaba. Fara ni mtoto wa jirani. Anapenda kuandika vikaratasi, anavitia kila mahali.

Mchele mweupe nilichanganya mwenyewe, mwekundu haukutosha. Solofo mwache. Ni mtu safi.

Hapa mvua ya manyunyu. Kazi nyingi, nitaandika zaidi baadaye.

Baba yako,
Ratsimba


Antsirabe, 8 Juni 1996

Baba,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kwa siku moja, na siku moja hiyo imeleta balaa.

Niliona kukaa kimya ni kushiriki. Jana Ijumaa nilimpigia simu mama mwenye gari analoendesha Solofo, kule Ambositra, nikamweleza gunia lilivyokuwa, jekundu juu, jeupe chini. Akasema ni ujanja wa wachuuzi wa zamani, anaujua. Amemsimamisha Solofo kazi. Barua hii anakuletea dereva mwingine, kijana simjui.

Nimesoma maneno yako, "nilichanganya mwenyewe." Ningependa kuyaamini. Lakini wewe huchanganyi, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayetandaza kizuri juu na kibovu chini amemtukana mnunuzi na mpunga pia. Nadhani unamkinga Solofo kwa sababu ana watoto, na hilo ni jambo ambalo ungelifanya. Solofo mwenyewe hajajitetea hata kwa neno moja. Nalo hilo linanisumbua: mwizi hujitetea sana.

Kuna kitu bado sikielewi. Ile karatasi ya Fara, nyuma yake ina muhuri wa shule ya Ambohitsoa. Nimemwandikia mwalimu wa pale leo hii. Huenda yeye akanifumbulia.

Voahirana


Antsirabe, 8 Juni 1996

Kwa Mwalimu wa darasa la nne,
Shule ya Ambohitsoa

Mwalimu mwenzangu,

Hunijui. Mimi nafundisha darasa la tano hapa Antsirabe, na mwaka huu nasimamia mchango wa shule yetu kwa familia zenye shida. Katika gunia moja la mchele tulilopokea kutoka upande wenu nimekuta barua ya mtoto anayeitwa Fara, kwenye karatasi yenye muhuri wa shule yako. Naiambatisha.

Tafadhali nifahamishe: mchele huu ulikuwa wa nani, na ulitokaje kwenu? Nina wasiwasi kwamba umeibwa njiani ukabadilishwa, na kuna mtu amekwishapoteza kazi kwa ajili yake.

Kwa heshima,
Voahirana


Ambohitsoa, 12 Juni 1996

Mwalimu Voahirana,

Asante kwa barua yako. Fara ameiona karatasi yake na amefurahi kwamba imesafiri kuliko yeye.

Nitakujibu yanayojibika. Tangu yale mafuriko ya Februari, sisi walimu na wanafunzi wa hapa tunachanga mchele kila mwezi kwa ajili ya kaya ambazo mashamba yao yamefukiwa. Watoto wa darasa langu ndio wanaouchambua, na kila mmoja hutia kikaratasi. Mchele uliokufikia ni wa kwetu. Tuliutoa tarehe ishirini na nne Mei kwa mmoja wa watu wetu, mkononi mwake. Haukuibwa hapa.

Jina la aliyeupokea sikupi. Majina ya hao hatuyatoi kwa mtu yeyote, hata kwa mchungaji. Utaratibu huu tumeuanza mwezi uliopita tu. Zamani tulikuwa tunawapanga uani kama ng'ombe wa josho. Aliyetubadilisha ni mzee mmoja miongoni mwa wanaopokea. Mara ya kwanza nilipomfuata nyumbani alinifukuza kwa adabu sana, akanipa na kiti. Mara ya pili akasema atapokea kwa sharti moja, kwamba aunge madawati yetu. Ameunga thelathini na moja. Siku moja, misumari mdomoni, akatuambia tusigawe uani, tuwaendee watu siku ya gulio, na tuache kusahau chumvi. Nikamwambia, "Mzee, hayo mawazo mazuri umeyapata wapi?" Akajibu, "Si yangu. Ni ya binti yangu, mwalimu, yuko Antsirabe. Ana akili yule, hulala na swali na kuamka nalo."

Mji wenu ni mkubwa, lakini walimu si wengi. Labda mnafahamiana.

Wako katika kazi,
Lalao


Ambohitsoa, 13 Juni 1996

Voahirana, mwanangu,

Barua yako ya tarehe nane nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sasa nitakuandikia sawasawa.

Mwezi wa pili mto ulipanda usiku mmoja na nusu. Ulipoondoka, uliacha mchanga kwenye shamba la bondeni. Si tope, tope lingekuwa neema. Mchanga mweupe, mkavu, unafika gotini. Mpunga wote uko chini yake. Ng'ombe wawili nao walikwenda na maji. Sikuvuna kitu, Voahirana. Hata kikombe.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungenitumia kila ulicho nacho, wewe ukashindia maji ya ukoko. Nikasema moyoni, nitamwambia mambo yakitengemaa. Basi kila wiki nikawa naandika hatujambo, na kila wiki neno hilo likawa zito zaidi kulibadilisha.

Halafu ukaniomba gunia. Ulikuwa umeshasimama mbele za watu, ukanitaja. Ningekwambiaje? Nilikaa nao huo mchele wa shule kutwa nzima. Nikajiambia, mchele huu umetolewa kwa mtu mwenye shida, na utakwenda kwa mtu mwenye shida, hakuna aliyedhulumiwa. Mimi nina mihogo, nina magimbi. Makopo mawili ya mchele mwekundu nilikuwa nimeyatunza ya mwaka jana. Nikayamwaga juu ili ulifungue gunia ukanuse kwenu. Hilo ndilo kosa langu. Sikufikiria kuwa nafanya lile nililokukataza. Hako kakaratasi sikukaona, sikuwa na moyo wa kuingiza mkono.

Solofo alinikuta njia panda napakia. Aliuona mfuko una alama ya shule ya hapa, akanisaidia kuugeuza ndani nje. Hakuuliza kitu. Kwa hiyo ulipomwuliza, alikuwa na maneno mawili tu: kunitaja mimi au kunyamaza.

Jana nilitoka alfajiri kwenda Ambositra kwa miguu. Nilifika saa nne. Yule mama mwenye gari alikuwa pale stendi, kati ya abiria na wauza mihogo ya kukaanga. Alitaka tuingie ofisini. Nikasema hapana, kijana wa watu amechafuliwa jina hapa nje, litasafishiwa hapa nje. Nikasema, "Mimi ni Ratsimba wa Ambohitsoa. Mchele ule ni wa msaada. Niliyepewa ni mimi. Niliyeutuma ni mimi. Niliyemwaga mwekundu juu ni mimi." Nilitegemea watacheka. Mwanamke mmoja muuza mihogo aliinuka kwenye kigoda chake akakisukuma kwangu, nikakaa, maana miguu ilikuwa imeniisha.

Solofo amerudishiwa gari jana ile ile, akanirudisha nyumbani. Njiani akaniambia, "Mzee, ungenyamaza tu, mimi ningepata kazi kwingine." Nikamwambia, "Na mimi ningempata wapi Solofo mwingine?"

Sasa unajua. Kasirika, ni haki yako.

Baba yako


Antsirabe, 18 Juni 1996

Baba,

Barua yako na ya Mwalimu Lalao zimenifikia siku moja, Jumamosi jioni. Nilifungua ya Lalao kwanza. Nilipofika kwenye misumari mdomoni nilikuwa nimeshajua, lakini niliendelea kusoma mpaka sahihi, kama vile huko mwisho kungekuwa na binti mwingine wa mzee mwingine.

Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe siku mbili, kisha nimejikasirikia mimi, na huko ndiko niliko bado. Kila barua yako ilikuwa inaniambia. Nilikuuliza umejuaje, na hapo hapo nikageukia bata. Nikamchunguza mtoto wa miaka mitano, nikamchunguza dereva. Sikukuchunguza wewe.

Nimekwenda kwa Solofo. Nilimsubiri stendi ashushe abiria wote, nikaanza kuomba radhi kwa sauti, watu wakageuka. Akaniinulia mkono: "Mwalimu, basi. Baba yako ameshasema sana kwa niaba ya ukoo mzima."

Mchele wako tayari umetoka, Jumamosi ya gulio. Niliupeleka mwenyewe na mwalimu wa hesabu, kwa Mama Zoly. Tulivuka mtaa mzima na mizigo yetu kati ya watu wenye mizigo yao, na hakuna aliyetutazama. Akatufungulia. Akatia mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akatoa chenga nyeupe na punje nyekundu pamoja, akasema, "Huu umetoka nyumba mbili." Wakati huo sikumwelewa. Alitukaribisha tukakaa. Zoly alitupa kahawa, na wala hakuwa na habari sisi tumekuja kufanya nini.

Sasa nisikilize. Usiniandikie tena "hatujambo" kabla hujaniandikia umekula nini.

Na mchanga hauondoki kwa barua. Shule inafungwa mwezi ujao. Nimewaambia wenzangu, kwa idhini yangu mwenyewe kwa kuwa yako nisingeipata. Tuko kumi na mmoja. Mwalimu wa hesabu amekokotoa kwamba mchanga wa kufika gotini, kwa shamba lako, ni kazi ya siku sita kama hatuzungumzi, na tisa kama tutazungumza. Tunakuja na sepetu.

Voahirana


Ambohitsoa, 23 Juni 1996

Mwanangu,

Nimekula muhogo wa kuchemsha na mboga ya majani, bila mafuta. Haya, umeridhika?

Kuhusu kuja kwenu, nilianza kuandika hapana, nikaichana. Nikaenda kwa Lalao, naye akaniambia, "Mzee, wewe ulinifukuza mara ya kwanza, nikarudi mara ya pili. Nimechoka, usinifanye nianze tena." Kwa hiyo njooni. Lakini iwe ujima, isiwe msaada. Msaada una mtoaji na mpokeaji. Ujima una majembe tu. Shamba langu likiisha tunakwenda la jirani yangu, baba yake Fara, na mimi nitachimba huko kama ninyi. Mkiniambia nikae kivulini nitawarudisha wote na Solofo.

Huyo mwalimu wa hesabu mwambie tutazungumza. Aweke tisa.

Baba yako,
Ratsimba


Ambohitsoa, 28 Julai 1996

Mwanangu Voahirana,

Mmeondoka Ijumaa na leo ni Jumapili. Bado kuna nyayo zenu kila mahali, hasa za mwalimu wa hesabu, ana miguu kama makasia.

Theluthi mbili tu ndizo zimetoka, tusidanganyane. Upande wa mto mchanga ni mzito, utangoja mwakani. Lakini huku juu udongo mweusi umeonekana, na jana nilikwenda peke yangu nikaushika. Umelala tu, haujafa. Lalao ameniahidi mbegu mwezi wa tisa, na mimi nimemwahidi mlango wa darasa la pili, maana ule uliopo unafungwa kwa kamba. Baba yake Fara ameanza kusogeza mchanga wake mwenyewe kwa ndoo. Kesho naungana naye.

Uliniambia niandike ya kweli, basi ni haya. Asubuhi nimekula magimbi mawili, mchana sijala, jioni nitakula wali kwa jirani kwa sababu ameniita na nimekubali. Paa linavuja juu ya kitanda, nimesogeza kitanda. Nilikuwa mpweke tangu pale gari lilipopinda njia panda Ijumaa mpaka jana usiku. Leo afadhali, kwa kuwa naandika.

Ila na mimi nina swali, na usinigeuzie kwa mzaha. Solofo si mtu wa maneno mengi, lakini siku tisa za kuchimba nasi ni nyingi hata kwake. Amenieleza, kama alivyosikia kwa wenzako, kwamba tangu Aprili umehama ile nyumba yenye dirisha kwa kushindwa kodi. Unalala chumba kimoja na mwalimu mwenzako na watoto wake wawili, na asubuhi unatoka bila kitu tumboni ukisema huna hamu. Katika barua zako zote hilo halimo. Kumbe kuuliza umejifunza mwenyewe, lakini kuficha umejifunza kwangu.

Haya, mimi nimeanza. Chukua karatasi. Wewe leo umekula nini?

Baba yako,
Ratsimba